Bado Macho

Harufu ya punda aliyenyeshewa hunifuata hadi leo. Ni harufu ya gunia bichi, jasho na nyasi zilizotafunwa, na nikiipata popote, hata hapa Nakuru mjini, narudi Mau Narok papo hapo, kwenye baridi ile ya kung'ata masikio. Nilipelekwa huko maji ya ziwa yalipoingia nyumbani kwetu Kihoto, Naivasha, yakafika kitandani. Mama alifanya kazi shamba la maua na hangeweza kuiacha, basi akanikabidhi kwa mamake, shosho wangu, akaniambia, "Kaa hapa kidogo, nikipata nyumba nakuja." Kidogo! Ngano iliyokuwa kijani ikageuka manjano, ikavunwa, na mama hajaja. Nikaacha kusema. Sikuwa nimegoma, jamani. Niliogopa tu kwamba nikifungua mdomo nitalia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi shosho hakunipa jembe, alinipa punda. Alimwita Mrembo kwa kumtania, maana sikio lake moja lilikuwa limepasuka na mgongo umenyonyoka manyoya. Kila asubuhi tuliteremka mtoni kuteka maji, yeye na mitungi yake, mimi na kimya changu. "Chunga, asante ya punda ni mateke," shosho alinionya. Uongo mtupu, Mrembo hakuwahi kunigusa kwa kwato. Ila alikuwa na masharti yake: ukimkazia macho, anakugeuzia matako. Nilichukua makaa baridi jikoni nimchore kwenye mbao za stoo ya viazi, na kila nilipoinua uso kumtazama, nikapata mkia. Siku moja nilikasirika, nikaketi chini nikitazama shamba, sina habari naye. Ndipo nikasikia pumzi yake ya moto shingoni. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifunza uchoraji zaidi ya hapo: kaa na mnyama kwanza, kuchora kutakuja. Nilianza na masikio, kwa sababu hayo hayaoni haya. Nikafuata mgongo, miguu, kisha mdomo wake mweupe niliopaka majivu. Macho niliyaacha ya mwisho, mpaka aliponitazama mwenyewe kwa hiari yake. Saa hizo ndizo pekee nilizosahau kutazama barabara.

Mama alikuja wakati wa kuchimba viazi, amekonda, mikono imechanwachanwa na miiba ya waridi. Nilitaka kumkimbilia, nikabaki kando ya Mrembo. Alisimama mbele ya stoo, ukuta umejaa Mrembo kutoka juu hadi chini, akauliza ni nani aliyechora.

"Si ni huyu wako," shosho akasema. "Kuongea haongei, lakini ukuta wangu ameumaliza."

Mama alicheka. Kisha akapitia ubao mmoja mmoja akitafuta kitu, na kicheko kikamwisha. "Na mimi niko wapi?"

"Wewe hukukaa," nikasema. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yangu ya kwanza baada ya miezi.

Mama aliketi pale pale kwenye udongo wa viazi, akalia kama mtoto. Nikaketi kando yake bila kumtazama, jinsi Mrembo alivyopenda, tukabaki hivyo hadi shosho alipotuita chai. Kesho yake tukarudi Naivasha pamoja, kwenye chumba alichokuwa amepata, na Mrembo akanibebea begi hadi barabarani.

Siku hizi ninaishi kwa kuchora mifugo na mbwa wa watu. Wateja hunitumia picha kwa simu, "Madam, fanya haraka," nami nawaambia nitakuja kwanza kukaa na ng'ombe wenyewe. Hunicheka, wacha wacheke. Chumba changu kimejaa wanyama ukutani, na jioni hakuna hata mmoja wa kuniuliza kama nimekula. Ila mama, tangu aache kazi, huja Jumapili akitoka kanisani, anaketi karibu na dirisha, nami namchora. Haongei, siongei. Utotoni sikupata raha kama hiyo naye. Jua likianza kushuka huchukua kibeti chake na kuuliza, "Kwani hii picha haiishi?"

"Bado macho, mama."

Macho yake nayajua, ningeyamaliza kabla chai haijachemka. Lakini nikiyamaliza, Jumapili ijayo atakuja kufanya nini?