Kisima Kisichopimwa

Ukimuuliza mtu yeyote wa mtaa ule jina la yule mama wa ofisi ya maji, atakwambia Bi Tepu, na jingine halijui. Kazi yake ilikuwa kupima. Asubuhi alisoma ubao wenye namba uliosimikwa mtoni, halafu akampigia simu mlinzi wa bwawa amsomee kina, kisha akaingia nyumba za watu kupima visima. Huko visimani ndiko alikopatia jina. Tepu yake ilikuwa ndefu, imeviringishwa kwenye gurudumu, na mwisho wake una kichwa cha chuma. Kikigusa maji, gurudumu linalia. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye aliinama mpaka mgongo ukazoea, na cha mvunguni kikazidi kwenda mvunguni.

Maana maji yalikuwa yanashuka kote, mtoni, bwawani na visimani. Kule mto unakotokea, mashamba makubwa yalikuwa yamefunga pampu zinazonguruma kutwa, na mvua nayo ilikuwa imekata mguu. Ofisini, chini ya feni iliyozunguka ikijisikia, Bi Tepu alichomoa pini za kijani kwenye ramani ya ukutani na kuchomeka nyekundu, mpaka nyekundu zikaisha ikabidi aagize nyingine. Bosi wake, mtu mwema lakini simba wa karatasi, aliipeleka taarifa juu, na huko juu wakajibu kwamba hali inafuatiliwa kwa karibu. Kufuatilia kwa karibu, jamani, ni kumsindikiza mgeni: unatembea naye, unamtazama, naye anaondoka zake.

Kisima kilichomuuma kuliko vyote kilikuwa cha mama yake mzazi. Marehemu baba alikichimba kwa mikono yake kabla hajajenga hata jiko, na ofisi ilipotafuta visima vya kufuatilia, Bi Tepu mwenyewe ndiye aliyekitaja. Alidhani anakipa heshima. Bomba la mtaa lilikuwa pambo tu, halijatoa tone siku nyingi. Watoto walishakubaliana kwamba kisima kikikauka, mama atahamia ghorofani kwa kaka yao mkubwa, na mama alishawajibu kwamba afadhali wampeleke makaburini moja kwa moja. Kwa hiyo kila tepu iliposhuka, Bi Tepu alihesabu, pamoja na maji, siku alizobakiza mama kuishi nyumbani kwake mwenyewe.

Mama naye alikuwa na hesabu zake. Miaka yote kisima kilijaa, na hakuna aliyekipima. Binti alipoanza kuja na gurudumu lake, maji yakaanza kushuka, na kila akija yameshuka zaidi. Majirani walimuunga mkono. Baadhi walishaanza kufunika visima vyao kwa bati wakimwona Bi Tepu anakata kona. Alieleza mpaka koo likamkauka. Alisema kipimajoto hakileti homa. Mama akamuuliza basi ni lini, tangu aanze kupima, maji yalipanda hata siku moja. Bi Tepu akaviringisha tepu yake, maana hiyo ilikuwa kweli tupu.

Mwezi mmoja alimkuta mama amekalia mfuniko wa kisima, kama msafiri aliyekalia sanduku lake kituoni. Hakugomba. Aliuliza habari za wajukuu, kisha akaushika mkono uliobeba gurudumu.

"Mwanangu, tangu uanze kazi sijakuomba kitu. Hiki usipime. Kiache kipumzike."

Bi Tepu alijua huo ni upuuzi. Alijua pia kwamba namba zake zote, za miaka yote, hazijawahi kuzimisha pampu hata moja. Basi taabu ya nini? Akairudisha tepu mkobani, na ofisini akasema amekuta mlango umefungwa. Mama alimpikia siku ile kama mgeni aliyetoka mbali. Na Bi Tepu, aibu iliyoje, akaanza kutumaini. Mtu aliyesomea maji, analala akijiambia labda maji yatarudi. Akawa anakuja kusalimia tu, mkoba anauacha kwenye pikipiki.

Alikuwa jikoni kwa mama akiosha vikombe, ndoo ilipogonga chini kabisa kisimani. Mlio ule ulikuwa mkavu, plastiki juu ya jiwe. Alitoka mbio, mikono ina povu. Mama alikuwa anavuta kamba polepole, na ndoo ikaja na tope kidogo na changarawe. Aliitazama ndoo, akamtazama binti yake.

"Ulipima?"

"Sikupima, mama. Haki ya Mungu, sikupima."

Mama alimwamini. Usoni ilionekana amemwamini, na hilo ndilo lililomwelemea Bi Tepu, kwa sababu lawama angeweza kuibeba, alishaizoea. Mama aliketi ukingoni, akajifuta tope kwa pindo la nguo.

"Basi kalete hiyo tepu yako," akasema mwishowe. "Pima, mwanangu. Pengine maji yalikuwa yanakungoja wewe."

Bi Tepu alikwenda kwenye pikipiki akauchukua mkoba. Safari hii hakueleza kitu. Aliinama, akaiteremsha tepu taratibu, mama amemshika bega, wote wawili wakisikiliza kama gurudumu litalia.