Sungura Vibeti na Macho ya Jirani

Sungura wangu wa kwanza wa kibeti walikuwa wadogo mno, ukipiga chafya karibu nao ilibidi uwatafute upya. Dume nilimtoa Ikonge kwa mkulima wa majani chai, jike nikamtoa Marani, makusudi watoke mahali tofauti. Sisi Wakisii hatuozi binadamu kabla ya kuuliza ukoo. Ningeozaje sungura wa nyumba moja? Nikawajengea kibanda hapa Kiogoro, nikakaa kungoja utajiri, maana watu wa ofisi mjini waliwapenda kuliko watoto wao.

Jike akazaa watatu. Wawili wazima, ila wa tatu alikuwa nusu ya wenzake: kichwa kimevimba, masikio kama ncha za kiberiti, miguu ya nyuma nyuzi tupu. Kesho yake akafa. Uzazi uliofuata, vivyo hivyo.

Mama, ambaye naishi naye, hakuhitaji daktari. "Ni ebibiriria," alisema.

Hilo ni jicho. Mtu anatazama kitu kichanga chenye ngozi laini, nacho kinanyauka, hata kama mtazamaji hana nia mbaya. Na mwenye jicho Mama alishampata: jirani yetu, mama wa kutoka kaunti za ziwani, anayeuza mitumba ya watoto sokoni. Jike akizaa, ndiye wa kwanza kufika na majani ya sukuma, ndiye anayeinama kwenye kisanduku cha kuzalia hadi pua iguse manyoya.

"Jirani, usije tena kwa sungura," Mama alimwambia. "Si ubaya. Macho yako ni mazito."

"Mazito aje? Ni sungura tu!"

"Na sisi tulianza tukiwa wadogo hivyo hivyo."

Mambo yangeishia hapo kama Mama hangekuwa na marafiki kanisani. Haikupita wiki, jirani akanisimamisha langoni. Hakuwa analia, afadhali angelia.

"Baba, mimi nauza nguo za watoto. Sasa wamama wakinikaribia wanafunika watoto uso. Nitamuuzia nani?"



Jike alipozaa mara ya tatu, jirani alikuwa amekwenda kwao kwa mazishi. Mama alifurahi. Aliwapaka samli watoto wote, jinsi watoto wachanga walivyopakwa zamani ili jicho liteleze, akawapaka mpaka wakawa tayari kwa kikaango. Safari hii pia kulikuwa na mdogo mmoja, naye akafia mkononi mwake.

"Labda jicho linafika hadi huku," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Kutoka ziwani, Mama? Hata simu hukata mtandao."

Ndipo biolojia ya shule ya jioni ikanijia. Nilisoma darasani nikiwa na ndevu, nikapasi kwa alama zinazomfanya mwalimu aniamkie kwa heshima hadi leo. Nikamketisha Mama nimweleze. Kila sungura hurithi jeni mbili za kimo, moja kwa baba na moja kwa mama. Kibeti ana moja ya ufupi na moja ya kawaida. Ukioza vibeti wawili, kuna mtoto atakayepata kawaida pande zote, huyo atakuwa mkubwa. Kuna atakayepata moja moja, huyo ni kibeti wa kuuza. Na kuna atakayerithi ufupi kwa baba na kwa mama. Huyo mwili unashindwa kumbeba.

Mama alihesabu kwa vidole. "Kwa hivyo ni ndoa ndiyo mbaya."

"Ndoa, Mama. Si macho."

Nikatafuta jike wa kawaida, mkubwa kama mbuzi wa Krismasi. Dume wangu alipomwona alifikiri tumemletea kilima. Lakini alijitahidi, na yule jike akazaa sita, tumbo kubwa lina nafasi. Nikawakagua mmoja mmoja. Hakukuwa na kichwa kilichovimba.

"Tungoje wafungue macho," nikasema, "ndipo tumwite jirani."

Mama alinitazama kama nimetukana. "Wakishapona ndipo tumwite? Huko si kumwita, ni kumpima."

Akajitupia leso mabegani, akashuka sokoni, nami nyuma yake. Jirani alikuwa amekaa katikati ya marundo ya nguo bila mteja.

"Sungura wamezaa," Mama alisema. "Twende ukatazame."

"Sitaki. Mmoja akifa itakuwa ni mimi."

"Akifa, amekufa. Mimi ndiye niliyesema juu yako, na nilisema vibaya." Alilisema hilo kwa sauti ya kuita ng'ombe, na wamama wanaouza nyanya wakageuka. "Simama, twende."

Wawili kati yao walitufuata hadi nyumbani, mmoja na mtoto mgongoni. Mbele ya kibanda jirani aliinamisha kichwa, akakodolea ardhi. Mama akachukua kitoto kimoja, akakiweka kiganjani mwa jirani.

"Tazama."

Akatazama. Alitazama muda mrefu, na Mama alisimama begani pake, amewaelekea wale wawili kama askari wa benki.

Yule mwenye mtoto ndiye aliyekohoa kwanza.

"Mama," alimwambia jirani, "ile sweta ya manjano bado iko?"

"Iko," jirani akasema, bila kumwondolea sungura macho.