Mjomba Wafula hajazikwa mpaka leo

Wakuu, niaje. Wale wa kusema "hekaya" mpite mbali, haya ni maisha yangu na bado niko ndani yake.

Mimi ni fundi wa sofa Kawangware, upande wa Riruta. Mpenzi wangu ni Otii, mwanaume mwenzangu, anachomelea mageti Kambi Muru, Kibera.

Mnajua hizi bangili za serikali. Kijani, umetulia. Nyekundu, umehisi kitu bila kibali. Kibali cha mapenzi hupewa mume na mke, tena wikendi. Sisi hatuna hata dirisha la kuombea.

Otii akiniona tu, yake inalia mpaka mbwa wa mtaa wanaijibu. Alishaonywa. Ikilia tena anapelekwa kupozwa, na waliopozwa hurudi wakikusalimia vizuri sana bila kukukumbuka. Niliogopa hadi chakula kikanishinda.

Lakini walisahau matanga. Ukifiwa, unapewa kibali cha huzuni, na bangili zote chini ya turubai zinazimwa sauti mpaka mazishi. Nyekundu ni nyekundu, mashine haijui unalilia nini.

Na sisi watu wa Western hatuziki Nairobi. Mwili lazima ufike nyumbani, na kabla ya safari tunakutana kila jioni kupanga.

Basi nikamuua mjomba wangu Wafula. Tulieni, hajawahi kuwepo.

Tukafunga turubai kwa ploti ninayopanga, tukaweka picha ya mzee tuliyokata kwa kalenda ya mbolea. Otii akanishika mkono mbele ya watu wote. Watu wakatupa pole. Nililia kweli, kwa furaha.

Shida ikawa majirani. Mama Shiro, mwenye ploti, akaanza kumkumbuka Wafula, eti alikuwa mcheshi. Wasichana wawili wakatoka Soweto East, kulekule Kibera, wameegemeana, wakasema ni wajane wake, bangili zao nyekundu kama zetu. Tukawapa viti vya mbele.

Kila jioni tunaahirisha safari. Barabara imeharibika. Shangazi amekasirika. Sanduku ni fupi.

Juzi akaja Afisa wa Mioyo, wale wa kukagua bangili, mzee mmoja mkali, akauliza mbona huyu hazikwi. Nikajua Otii ameenda kupozwa. Nikajibu ukoo haujakubaliana.

Akaitazama ile picha. Akavua kofia, akaketi. Bangili yake ikawaka nyekundu.

Baadaye akaniita kando.

"Kijana, kesho naeza kuja na rafiki yangu? Tumekaa ofisi moja tangu ujana. Sijawahi mwambia."

Nikamwambia karibu.

"Basi msimzike haraka."

Nilichojifunza wakuu, nilidhani niko peke yangu, kumbe ploti nzima ilikuwa inatafuta mahali pa kulia.

Leo jioni kuna kikao, chai ipo. Ninyi wenye akili hapa jukwaani, nipeni sababu mpya za kuchelewesha mazishi. Zangu zinaisha.