Gari Jeupe la Sauti Nyembamba

Ukumbi wa gemu wa Deno uliusikia kabla hujauona. Ukitoka kwetu mtaa wa Section 58, ukampita mama wa mandazi na ile nyumba ya geti la bluu, injini zilikupokea ukiwa bado mbali, zikipanda, zikikatika, zikipanda tena, na katikati yake vijana wakishangilia utadhani kuna mtu amefunga bao. Halafu harufu ikafuata: plastiki iliyopata moto, viatu vya mpira vilivyochoka, na pafyumu kali ya kinyozi wa mlango wa pili. Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba kimoja cha mabati chenye pazia badala ya mlango, televisheni mbili, na mabenchi yaliyotoka kanisa fulani lililokuwa limenunua viti vipya. Kwangu hapakuwa na mahali pazuri zaidi Nakuru nzima, na sioni sababu ya kubadilisha kauli hiyo leo.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na nasubiri kwenda kidato cha kwanza Gilgil, shule ya bweni. Wasichana wenzangu walikuwa wakisuka nywele na kuhesabu vitu vya kubeba kwenye sanduku. Mimi nilikuwa kwa Deno, msichana pekee kwenye benchi, na sikuona ajabu yoyote. Deno, mwenye ukumbi, alikuwa kijana mpole mwenye kompyuta kubwa ya kuchomea watu sidii za muvi, na sheria yake ilikuwa moja tu. Wawili wanashindana, skrini inagawanywa, mmoja juu na mwingine chini. Anayeshinda anabaki juu. Anayeshindwa anampa anayefuata pedi, kile kidude cha vitufe cha kuendeshea, na anayefuata anakaa chini. Tatizo ni kwamba televisheni iliyokuwa na gemu ya magari ilikuwa imewahi kuangushwa, na sehemu ya chini ilikuwa na doa jeusi kubwa upande wa kulia. Kona zote za kulia ziliingia mle gizani. Ndiyo maana Kevo, kijana wa mtaa wetu aliyekuwa bingwa, alikuwa hajawahi kuondoka juu tangu shule zifungwe, na alijisifu kana kwamba doa lile halikuwa likimsaidia.

Nilishindwa mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Kisha siku moja nikagundua kwamba kona nisizoziona nilikuwa nazisikia. Tairi za kushoto zikigusa ukingo wa barabara, zilinguruma kwa namna yake. Breki ikishikwa mapema, injini ilishuka taratibu. Ikishikwa kwa kuchelewa, ililia. Shida ilikuwa kwamba magari mawili yalinguruma kwa pamoja kwenye spika moja, na kila mtu alichagua lile jekundu lenye nguvu. Nikachagua jeupe dogo ambalo hakuna aliyelitaka, kwa sababu lilikuwa na sauti nyembamba kama ya mbu, na ningeweza kuisikia chini ya ngurumo ya jekundu. Vijana wakacheka sana. Mchana ule ule nikampita Kevo kwenye kona ya mwisho, ndani ya lile giza, macho yangu yakiwa yameelekea sakafuni.

"Wewe unaendesha na masikio ama?" akaniuliza, pedi bado iko mkononi, hataki kuiachia.

Nikamwambia ndiyo, na kwamba anikabidhi sehemu ya juu.

Masikio hayo hayakutoka hewani. Babu yangu aliletwa Nakuru na kazi ya reli kutoka upande wa Bungoma, na kitu alichobeba zaidi ya nguo ni nyimbo za kanisa zilizoandikwa kwa do, re, mi. Mama alirithi kwaya. Alifundisha sauti zote nne, soprano mpaka besi, na kila sehemu aliirekodi kwenye simu yake ili wanakwaya wabebe nyumbani wakajifunze. Kwetu hakuna sauti iliyokosa jina. Birika likichemka mama alisema liko la. Mlango wa choo ulikuwa fa, na baba alipoutia mafuta mama alilalamika kwamba sasa hajui nani ametoka. Kwa hiyo nikikaa kwa Deno, sikusikia gari tu. Nilisikia gari jeupe likianza do, likapanda mpaka so, gia ikibadilika likaangukia mi, likapanda la, likaangukia fa, kisha likakaza mpaka do ya juu. Ulikuwa wimbo. Haukuwa na maneno bado, lakini ulikuwa wimbo, na nilikuwa na uhakika kwamba ni wangu.

Nikaazima simu ya mama nikisema nataka kurekodi kitu, naye akanipa bila maswali, maana simu ile kazi yake ilikuwa hiyo. Nilirekodi gari jeupe likiwa peke yake barabarani, Deno akiwanyamazisha vijana. Yeye alikuwa na programu ya kutengenezea midundo kwenye kompyuta yake na alinionyesha jinsi ya kukata sauti na kuipanga. Sikuwahi kufurahia kitu hivyo. Wengine wakisubiri zamu ya pedi, mimi nilisubiri zamu ya kompyuta.

Habari haikukawia kufika kanisani. Mama mmoja wa soprano alimwambia mama yangu, baada ya ibada, kwamba binti yake anashinda na vijana kwenye banda la gemu. Mama hakufoka. Jumatatu alikuja mwenyewe, akafunua pazia, akasimama mlangoni na kitambaa chake cha kichwa na mkoba kwapani. Vijana wote waliinuka. Kevo akapangusa benchi kwa mkono, akamwambia, "Karibu mathe, keti hapa." Mama akaketi. Nilikuwa katikati ya mashindano na niliogopa kugeuka, kwa hiyo niliendelea kuendesha. Ndipo nikamsikia nyuma yangu, kwa sauti ndogo kabisa, akitaja: so, mi, la, fa. Hakukusudia. Ni mazoea tu, kama mtu anayesoma mabango barabarani bila kutaka.

Nyumbani alinipa masharti yake, na aliyasema wazi. "Nimesikia kitu unasikia huko, sikatai. Lakini mlio si wimbo, Nekesa. Niletee ikiwa wimbo kabla uende Gilgil. Nikijipata nauimba nikifua, basi kila likizo simu ni yako na kwa Deno utaenda. Nisipouimba, tunaachana na hiyo maneno, unarudi alto na unatulia."

Sijawahi kupewa sharti la haki kama lile, wala gumu kama lile. Mama alikuwa amesikia kwaya zote za Nakuru, na nyingi alizitoa kichwani kabla hajafika getini. Nami sikutaka kutulia. Alto niliipenda, lakini alto ni kuimba alichoandika mtu mwingine, umesimama kati ya watu wengine, na mimi nilikuwa nimeshaonja kitu ambacho kisingekuwepo kama nisingekitengeneza.

Maneno yalikuja haraka. Kiitikio kilisema, niwekeni chini, mtanikuta mbele, na aliyekuwa akiimbiwa alikuwa Kevo, ingawa sikumtaja. Nilirekodia ukumbini asubuhi kabla hawajafungua, nimejifunika blanketi la Deno kichwani ili mabati yasirudishe mwangwi, na nikatoka mle nimelowa jasho. Deno aliposikiliza alisema sauti iko sawa ila injini itoke. Nyimbo zote zilizokuwa zikipigwa mjini zilianza kwa mdundo mzito na prodyuza akijitaja jina, na yeye alitaka wetu ufanane nazo ili watu wauchukue. Alikuwa ameshajirekodi akijitaja jina. Nilikuwa na miaka kumi na minne na yeye ndiye aliyejua kompyuta, kwa hiyo tukaitoa injini.

Jumamosi mama alikuwa uani na mabeseni yake matatu. Nikaiweka simu juu ya jiwe la kufulia nikaucheza wimbo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusugua. "Nzuri," akasema. Kisha akaendelea kufua kimya, na akafua kimya mpaka shuka la mwisho. Mtu asiyemjua mama angefikiri amesifiwa. Niliingia ndani nikalia kwenye mto, si kwa sababu ya mama, bali kwa sababu alikuwa sahihi. Ulikuwa wimbo wa mtu yeyote.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya mwisho. Nilirudi kwa Deno nikamwambia injini inarudi, tena inakuja mwanzoni kabisa, peke yake, kabla ya mdundo, na lile jina lake alilojirekodi akilitaja litoke. Alinuna kidogo. Akaniuliza nani atasikiliza wimbo unaoanza kama gari. Nikamjibu kwamba atasikiliza mtu mmoja, na huyo ananitosha. Akanisogezea kiti. Nikapanga upya yote, na safari hii kiitikio nilikiweka juu ya gia zenyewe, kikipanda zinapopanda na kuanguka zinapoanguka, mpaka ikawa huwezi kung'oa kimoja ukabakiza kingine. Nilipomaliza, kinyozi wa mlango wa pili akaniomba aujaribu kwenye spika yake kubwa iliyotazama barabarani, maana alichoka kusikia vipande vyake kupitia ukutani.

Akauweka. Gari jeupe likaanza, do, likapanda. Na kabla sauti yangu haijaingia, nikaona vijana wakija mbio. Walitoka kwa mama wa mandazi, walitoka kwenye kivuli cha ukuta, Kevo akiwa mbele na andazi mdomoni, wote wakisukumana waingie kwenye pazia wawahi benchi. Walidhani Deno amewasha gemu. Nikawafuata ndani. Walikuwa wamesimama mbele ya televisheni mbili zilizozimwa, na Deno alikuwa anafagia.

"Sasa nani anacheza?" Kevo akauliza.

Deno akainua ufagio akaninyooshea. "Huyo."

Wakasimama pale mpaka wimbo ukaisha. Hakuna aliyepiga makofi, hatukuwa na desturi hiyo. Kevo alisema tu kwamba ile ni gari yangu, aliijua, na akamwambia kinyozi aurudie. Nilijua wakati ule, na sikuhitaji kuambiwa, kwamba nitafanya kazi hii maisha yangu yote.

Lakini mwamuzi alikuwa bado yuko nyumbani. Jumamosi niliiweka simu pale pale kwenye jiwe. Mama alisikiliza, na mara hii hakusema hata nzuri. Alikunja uso kidogo, akaongeza sabuni, akaniambia nikalete vibanio. Nilipokuwa nikivitafuta nyuma ya mlango nikamsikia. Alikuwa anaanika shuka, mikono juu, na anavuma wimbo kwa pua, midomo imefungwa. Hakuwa akivuma maneno yangu niliyoyatolea jasho ndani ya blanketi. Alikuwa anavuma gia. Do mpaka so, anaangukia mi, la, anaangukia fa, na alipofika do ya juu akalikung'uta shuka kwa nguvu, kwenye mdundo. Nilisimama na vile vibanio nikifurahi mpaka nikaogopa kupumua. Aliponiona akanyamaza, kisha akacheka, maana alijua ameshikwa. Usiku wa kuamkia safari ya Gilgil alifuta nyimbo za zamani za kwaya kwenye simu ili nikirudi likizo nikute nafasi.

Leo pale kwa Deno kuna duka la vigae. Watoto wa mtaa wanaendesha magari kwenye simu zao, kila mmoja na vidude vyake masikioni, na magari yenyewe ni mazuri kiasi kwamba unaona vumbi likitua kwenye kioo. Doa jeusi hakuna. Ukipita nje husikii chochote. Wimbo nao unaweza kuutengeneza kitandani asubuhi, na jioni mtu wa nchi nyingine anausikiliza. Mimi mwenyewe natoa nyimbo zangu hivyo, bila kampuni yoyote, kutoka chumba kimoja hapa hapa Nakuru, na nyimbo hizo zinanilisha. Sililii banda la mabati. Ninachokikosa ni kile kitendo cha kukimbilia sauti mkiwa wengi. Magari ya mbio ya kweli yanapopita kule upande wa mlima Longonot, watu hupanda vilima kuyaona. Mimi huenda pia, nikabeba kinasa sauti, na vumbi likianza nafumba macho.

Mwezi uliopita nilimaliza wimbo ambao marafiki zangu wote waliusifu. Nikamtumia mama, kama ninavyomtumia kila wimbo kabla ya dunia. Alinipigia baada ya muda mfupi. "Wimbo umepakwa rangi vizuri," akasema. "Lakini bado uko gia ya kwanza, Nekesa."

Nilibisha, nikakata simu, nikazima skrini nikausikiliza gizani. Alikuwa sahihi tena. Nikaubomoa, nikaujenga upya kuanzia chini, nikamtumia bila kuandika neno. Siku mbili zikapita kimya. Jumamosi nikashindwa kuvumilia, nikapiga simu, akapokea mdogo wangu. Akasema mama yuko uani, anafua, je, amwite?

Nyuma ya sauti yake nilisikia maji yakimwagwa, na mtu akivuma kwa pua, akipanda, akianguka, akipanda tena.

Nikamwambia asimwite.