Sumaku Iliyogoma Kuelea Ikuti

Mpaka leo nikipita Ikuti huwa nainamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka, kwa sababu kuna watu pale ambao jina langu hawalijui ila wanajua vizuri sana nilichomfanyia ng'ombe wa Mama Lugano, na afadhali niwasimulie mimi mwenyewe kuliko msimuliwe na wao.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipoachia biashara huria. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, shahada ya fizikia, nikarudi nyumbani Bagamoyo (hii yetu ya Tukuyu, ile yenye bahari siijui) nikakuta serikali haigawi tena ajira kama ilivyowagawia kaka zetu. Wazazi wa Ikuti walikuwa wameanzisha sekondari yao na walitaka mwalimu mmoja wa fizikia. Tulioomba tulikuwa wawili. Mkuu wa shule akaniambia kamati ya wazazi itanisikiliza kanisani baada ya ibada, nionyeshe ninavyofundisha, na kwamba mwenzangu amekwishaonyesha na wamempenda.

Hilo la kupendwa ndilo lililonikoroga akili. Nilikuwa na kidonge cheusi cha kauri, saizi ya kifungo cha koti, nilichopewa na mhadhiri wangu. Kauri ya namna hiyo ilikuwa habari mpya duniani: ukiipoza sana, umeme unapita ndani yake bila kizuizi chochote, na ukiweka sumaku ndogo juu yake, sumaku inaelea hewani, haijashikwa na kitu. Chuoni niliiona kwa macho yangu. Nikajiambia mwenzangu atakuwa alileta chaki, mimi nitaleta sumaku inayoelea.

Shida ilikuwa baridi. Hata baridi ya Tukuyu ya mwezi wa saba haitoshi, inatakiwa naitrojeni ya maji, yaani gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, na kwetu mwenye nayo alikuwa mjomba wangu Ambokile, bwana mifugo, anayepandisha ng'ombe kwa mirija. Mbegu za madume ya kizungu huzihifadhi ndani ya mtungi wa maji hayo. Mjomba alikubali nichukue chupa moja ya chai, basi, kisha akaenda msibani Matwebe. (Chupa moja ingetosha. Nawaambia mapema ili mnichukie vizuri.)

Jumamosi jioni nikaitazama kauri yangu nikaona ina masizi ya jikoni, nikawaza wazazi watasema kijana mchafu, nikailoweka kwenye maji ya moto yenye sabuni hadi asubuhi. Asubuhi nikawaza tena: je, chupa ikimwagika njiani, na barabara ile ilivyo? Je, ikiisha kabla sijamaliza? Basi nikamwambia mke wa mjomba kwamba mjomba ameruhusu (nusu yake ilikuwa kweli), nikapakia mtungi mzima kwenye pikapu ya ndizi.

Kanisani nilivaa tai. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mama Lugano, amekaa mbele, hatulii, kila mara anachungulia dirishani, nami nikadhani nimeshamchosha kabla sijaanza. Nikafungua mtungi, nikavuta juu kikopo chenye mirija ya mbegu ili kisinizuie kumimina, nikakilaza mezani, nikijiambia ni kwa dakika moja tu. Nikamimina kwenye sahani. Moshi mweupe ukatambaa hadi miguuni mwa watu, wakaguna kwa kupendezwa. Nikaweka sumaku juu ya kauri.

Ikakaa.

Nikaigusa, ikakaa tu. Mzee mmoja wa mbele akauliza, "Gwe kijana, hiyo sumaku ndiyo inaelea, au bado imepumzika?" Watu wakacheka. Nikamimina tena, nikisema haijapoa sawasawa, nikamimina tena, jasho linanitoka na mikono inaganda, na katikati ya kumimina nikakumbuka mhadhiri akituonya kwamba unyevu unaila kauri ile, usiiguse hata na kitambaa kibichi. Nilikuwa nimeiua kwa sabuni. Pale pale ningesema, jamani, nimeharibu. Sikusema. Nilimimina mpaka mtungi ukatoa moshi mtupu.

Ndipo Mama Lugano aliposimama.

"Baba, mtungi huu si wa Ambokile?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Na hiyo ni mirija yake?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akageukia wenzake, akasema polepole, "Ng'ombe yangu inalia toka alfajiri. Nilimwagiza Ambokile apite akitoka msibani."

Hakuna aliyecheka, na hapo niliutamani ule mzaha wa yule mzee, kwa sababu Ikuti nzima inajua mbegu ikitoka kwenye baridi imekufa, na ng'ombe joto likimpita unamsubiri wiki tatu.

"Wewe ndiye mwalimu," akaniambia. "Tufundishe sasa tunafanyaje."

Nikasema tutafute dume. Basi ni mimi niliyekabidhiwa kamba, na tai yangu, nikamvuta yule ng'ombe kwenye tope kupanda kwa jirani mwenye dume la kienyeji, kamati nzima nyuma yangu, na ng'ombe mwenye joto (kama hamjui) hupanda chochote kilicho mbele yake. Alinipanda mgongoni. Nililala kifudifudi kwenye tope mbele ya waajiri wangu watarajiwa, na mkuu wa shule ndiye aliyekuja kunitoa, kisha tukamfikisha ng'ombe kwa dume.

Mama Lugano akasema kamati haitaamua hadi ijulikane kama ng'ombe ameshika mimba. Akilia tena, watamchukua mwenzangu. Wiki tatu hizo nilikuwa nikienda kusimama kando ya migomba yake kusikiliza, na kila ng'ombe wa jirani akilia nachungulia zizini kuhakikisha si yeye. Mjomba alikuwa hanisemeshi.

Ng'ombe hakulia. Kazi nikapata. Ndama alizaliwa mdogo, miguu mifupi kama baba yake, na Mama Lugano akamwita Fizikia, akawa anamwita kwa sauti kila jioni akimrudisha zizini, saa ile ile wanafunzi wangu wanapita njiani. Tangu hapo nikikwama mbele ya watu nasema nimekwama, kabla sijamimina mara ya pili.