Samaki Aliyekuwa wa Kaka

Kabla ya kurudi nyumbani jumla, kaka aliniomba kitu kimoja: avue samaki mmoja kwa mkono wake mwenyewe.

Si kaka wa tumbo moja. Ni mtu aliyenipokea nilipofika Minneapolis sina koti la baridi, akanilaza sebuleni kwake Saint Louis Park miezi minane, na hakuniuliza hata siku moja nitaondoka lini. Kwao ni Dodoma.

"Miaka ishirini na sita naishi katikati ya maziwa," aliniambia, "na maji yake nimeyagusa yakiwa barafu tu. Nikiulizwa nyumbani nitasema nini?"

Mimi nina boti ndogo niliyoinunua ikiwa imetumika. Uvuvi nimejifunza mwenyewe, kama nilivyojifunza kazi yangu ya kutengeneza mitambo ya kupasha joto majengo: kwa vitabu vya maktaba na kwa kukosea. Nina daftari. Kila safari naandika joto la maji, upepo unatoka wapi, kina, na chambo kilicholiwa. Aliponiomba nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Hatimaye kulikuwa na kitu ninachokijua mimi ambacho yeye hakijui.

Tulikwenda Jumamosi moja ya Mei, wiki tatu kabla ya safari yake. Tulimfuata besi, samaki wa kijani mwenye mdomo mpana, ambaye majira ya machipuko huacha maji ya kina na kusogea kwenye vighuba vinavyopata joto mapema. Wakati huo wa msimu sheria inakuruhusu kumvua lakini si kumchukua: ukishamwona, unamrudisha majini. Kaka alikuja na kofia ya sufu, chupa ya chai na maandazi kwenye mfuko.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, nahodha. Hiki chombo kina bima?"

Nilimvalisha jaketi la kuokolea, nikakaza mikanda yake ingawa alikuwa ameshaikaza. Tulipofika kighubani nilizima mota, nikashusha kipimajoto majini, nikaandika. Alinitazama muda wote.

"Huyo samaki ana shahada ngapi? Mbona tunamwendea na madaftari?"

"Bila kupima unabahatisha, kaka."

"Basi mimi nimekuja kubahatisha."

Chambo chetu kilikuwa mnyoo wa mpira. Kanuni yake ni rahisi kuisema na ngumu kuitenda: unaurusha karibu na matete, unauacha uzame bila kuuvuta, macho kwenye mshipi. Mshipi ukianza kutembea wenyewe, unanyanyua fimbo kwa nguvu. Kaka hakuweza kuuacha. Kila alipourusha aliurudisha mbio, kama mtu anayeanua nguo mvua ikinyesha. Nilimsahihisha. Kiwiko chini. Subiri. Usivute. Si hapo, pale. Nilianza kwa upole, lakini kufikia saa tano nilikuwa natumia ile sauti ninayowatolea wanagenzi kazini.

"Dogo," alisema bila kunigeukia, "hata ofisa wa uhamiaji hakunihoji hivi."

Nilicheka. Nilidhani ni utani tu. Baada ya hapo hakutania tena, na sikulitilia maanani.

Tulikunywa chai. Kisha akarusha mnyoo kwenye gogo lililoangukia majini, mahali ambapo nilikuwa nimemwambia asirushe kwa sababu mshipi ungenasa. Akauacha uzame. Nikaona mshipi unatembea. Na kabla sijasema neno, yeye mwenyewe alikuwa ameuona. Akanyanyua. Fimbo ikapinda hadi karibu na maji.

"Ninaye! Dogo, ninaye!"

Samaki akaruka juu, akatikisa kichwa, akarudi chini. Hakuna mkubwa kama huyo katika daftari langu. Kaka alikuwa amesimama miguu imepanuka, mdomo wazi, uso wa mtu wa miaka ishirini. Halafu samaki akageuka kulielekea gogo, na mshipi ukalegea.

"Kaza! Geuza fimbo! Kulia, kaka, kulia!"

"Niache, niache kidogo, ninaye."

"Lete!"

Hivyo ndivyo nilivyosema, kwa mtu aliyenizidi miaka kumi na mitatu. Nikashika fimbo juu ya mikono yake, nikaivuta, akaiachia. Nilimgeuza samaki mbali na gogo, nikamchosha, nikamwingiza kwenye wavu. Haikuchukua hata dakika mbili. Nilifanya kila kitu sawasawa.

"Mshike nikupige picha," nilisema nilipokwisha kumpima.

Akamtazama samaki, akanitazama mimi. "Mshike wewe. Umemvua wewe."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja saa. Nikamsisitiza, naye kwa heshima yangu akalowesha viganja jinsi nilivyomfundisha, akamnyanyua. Nina picha mbili. Hacheki katika yoyote. Kisha akamshusha majini taratibu, samaki akaenda zake. Saa mbili zilizobaki alirusha chambo kwa usahihi kabisa, kiwiko chini, akisubiri, na hakupata kitu.

Njiani kurudi alisinzia, au alifumba macho. Nikakumbuka alivyonifundisha kuendesha gari, kwenye maegesho ya duka lililofungwa, theluji ikiwa chini. Niliteleza mara mbili kuelekea nguzo ya taa. Gari lilikuwa lake la pekee. Mikono yake haikutoka magotini. "Tuliza mguu," alisema, "litasimama."

Ningeweza kumwamsha nikamwomba radhi. Badala yake, tulipofika mlangoni kwake, nilimwambia kwamba wiki ijayo upepo utakuwa mzuri zaidi, turudi.

"Mungu akipenda," alisema.

Wiki iliyofuata alikuwa anafunga masanduku, na iliyofuata watu walikuwa wanakuja kumuaga.

Kwenye sherehe ya kumuaga, katika ukumbi wa kanisa, dada mmoja aliyefanya naye kazi hospitalini alipaza sauti kutoka meza ya pili: "Kaka, na yule samaki wako? Ulimpata, au unaondoka mikono mitupu?"

"Huyu mdogo wangu," kaka alisema akininyooshea kidole, "alinipeleka kwa samaki wa ajabu. Hivi!" Akapanua mikono kama anayekumbatia ngoma. Watu wakapiga makofi. Akanigeukia, akinipa zamu. "Sema, dogo. Si kweli?"

Ukumbi mzima ulinisubiri. Ilikuwa nafasi ya kusema kwamba alimnasa peke yake, mahali nilipomkataza, na kwamba nilimpokonya. Maneno yalikuwepo.

"Inchi ishirini na nusu," nilisema.

Walicheka sana. Kaka naye alicheka, akaishusha mikono yake mezani, akaendelea na pilau. Aliondoka Jumanne, bila samaki wake.