Jiko la Bibi

Mama Fundi, mshona nguo mstaafu, alijitolea kumsaidia bibi wa nyumba ya pili aendelee kujipikia baada ya mkono wake mmoja kulegea. Asubuhi hiyo alikuta jiko halipo, hata kiberiti hakuna. Bibi alikaa kitandani na chupa ya uji mapajani, kama aliyefiwa.

"Nimelichukua mimi," mwana wa bibi alisema mlangoni. "Juzi kaungua kidole. Nitamletea chakula."

Mama Fundi alifura. Miezi yote ya kufundishana kukoroga sufuria kwa mkono mmoja! Akamtolea uvivu.

"Mwanangu, utotoni hukuungua ulimi kwa uji? Mama yako alikunyang'anya kijiko, au alikupulizia? Kalete jiko."